Shilingi Iliyopotelea Ndani ya Nyumba

Somo la wiki: Luka 15:8-10

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Katika sura hii ya 15, kondoo anapotelea nyikani na mwana anapotelea nchi ya mbali. Shilingi peke yake, moja kati ya kumi alizokuwa nazo mwanamke mmoja, ndiyo inayopotelea nyumbani. Haikutoka mlangoni, haikuibwa, wala haijui kwamba imepotea. Yule mwanamke angeweza kulala akijiambia kwamba zote kumi zimo ndani, na kweli zimo ndani, ila moja haionekani. Ilikuwa drakma, sarafu ya fedha ya Kiyunani inayokaribia ujira wa kibarua wa kutwa, na nyumba za watu wa kawaida wakati ule zilikuwa na madirisha madogo, giza hata mchana. Basi anawasha taa, anafagia, anaitafuta kwa bidii hata aione.

Tunawaomba wazazi wenye watoto wa miaka miwili hadi sita mlishike somo hili pamoja nao jioni sita, Jumatatu hadi Jumamosi, dakika kumi kila jioni. Somo ni moja tu kwa wiki nzima. Mtoto mdogo hachoki kurudiwa hadithi. Anayechoka ni mzazi, akaileta nyingine, na mtoto akabaki na vipande vya hadithi sita asijue hata moja mpaka mwisho.

Kwanza, saa. Sala ya jioni na watoto hufa kwa sababu ya saa kuliko kwa sababu ya utundu. Nyumba nyingi husubiri baba arudi, chakula kiive, taarifa ya habari ya saa mbili iishe, ndipo watu waitwe kuomba. Saa tatu usiku mtoto wa miaka mitatu ameshasinzia kwenye kochi. Anaamshwa, analia, anakaripiwa kwamba anachezea sala. Hajachezea chochote, ana usingizi. Waogesheni mapema, wale, na kufika saa moja na nusu muwe mmekaa mkekani, televisheni imezimwa na simu za watu wazima ziko chumba kingine. Baba akiwa bado kwenye foleni, anzeni. Akifika, mtoto aliye macho amsimulie, kwa maana anayesimulia ndiye anayeshika. Umeme ukikatika msiahirishe, somo lenyewe linataka giza.

Tumieni vijiko kumi vya chai. Sarafu halisi, vizibo vya soda na punje za maharage ziacheni, mtoto wa miaka miwili huvipeleka mdomoni au puani. Jumatatu mzazi asimulie kwa maneno yake mwenyewe, dakika tatu zinatosha, huku akipanga vijiko mkekani na watoto wakihesabu kwa sauti. Jumanne wafumbe macho, ficha kimoja, hesabuni tena: tisa. Zima taa ya sebuleni, washa tochi au kibatari kilichoinuliwa juu mbali na mikono yao, mmoja ashike ufagio, mtafute kweli. Msikifiche mahali pa wazi mno. Mtoto asipohangaika kidogo, hataonja furaha ya mwanamke yule. Kikipatikana wote mseme kwa sauti, "Furahini pamoja nami!" Jumatano na Alhamisi wafiche wao. Mdogo ataficha chini ya mto uleule kila mara na atacheka kabla hujafika. Kicheko hicho si utovu wa heshima mbele za Mungu. Somo limejaa furaha mpaka kwa malaika, ikawaje sisi tulifundishe kwa nyuso za msiba?

Kosa moja tuliepuke hapa. Hadithi ikiisha, mzazi huongeza lake: "Ndiyo maana nakwambia usipoteze penseli shuleni." Kwa sentensi hiyo moja Mungu anayetafuta amegeuka mwalimu wa zamu. Sema tu, "Mungu hututafuta hivi," kisha nyamaza. Maswali yatakuja, pengine kesho yake wakati wa kuvaa soksi.

Kisha sala. Wa miaka miwili arudie maneno mawili matatu kwa mara moja nyuma yako: "Asante, Bwana Yesu. Kwa kunitafuta. Nakupenda. Amina." Wa miaka minne aseme sentensi moja yake mwenyewe, hata akimshukuru Mungu kwa chapati. Wa miaka sita amwombee mtu mmoja asiye wa nyumbani. Mzazi asizidi dakika moja. Na tafadhali, sala isiwe baraza la kusomeana mashtaka. "Ee Bwana, msaidie huyu aache uongo wake wa leo," na kaka zake wanasikia: mtoto aliyeaibishwa kwa njia hii hujifunza kufumba macho na kuufunga moyo. Makosa yazungumzwe mapema, ninyi wawili, kabla ya mkeka. Vivyo hivyo tusimtumie Mungu kumlazimisha mtoto amalize ugali. "Mungu atakuchukia" ni uongo, na tunausema kwa jina lake.

Turudi kwenye taa na ufagio, maana sehemu hii inatuhusu sisi watu wazima zaidi. Nani katika nyumba yenu yumo ndani lakini haonekani? Mara nyingi ni mtoto wa katikati, mtulivu, asiyesumbua, anayelala bila kuulizwa siku yake ilikuwaje. Mara nyingi pia ni dada wa kazi. Ameogesha watoto, amepika, na wakati nyumba inaimba yeye yuko jikoni anasugua sufuria. Watoto wanaona. Vyombo vilowekwe visubiri dakika kumi, dada akae mkekani, aombe na aombewe kwa jina lake. Akiwa wa dini nyingine, aalikwe bila kulazimishwa, na akikataa apewe dakika hizo apumzike. Kama sivyo, mtoto atajifunza kwamba habari njema ni ya wenye nyumba.

Na pengine anayepaswa kutafutwa ni yule uliyemkaripia saa kumi na mbili asubuhi, kiatu kimoja hakionekani na gari la shule linapiga honi. Mtoto amekwenda na ukali ule darasani, na wewe umeshasahau. Jioni mtafute. Piga goti macho yenu yalingane, useme: "Asubuhi nilikukaripia kwa hasira. Nilikosea. Naomba unisamehe." Usiongeze "lakini na wewe ulichelewa." Hilo "lakini" linaondoa yote uliyoyasema kabla yake. Kiatu kina dawa yake: viatu viwili vikae mlangoni pamoja na begi tangu usiku. Paulo anawaonya akina baba katika Waefeso 6:4 wasiwachokoze watoto, na asubuhi nyingi uchokozi huanzia kwenye maandalizi yetu mabovu, kisha mtoto ndiye anayelipa.

Ijumaa mwachieni mtoto mkubwa asimulie yote, msimsahihishe katikati hata akisema vijiko badala ya shilingi.

Jumamosi fanyeni alichofanya mwanamke yule mwishoni: aliita rafiki na jirani. Waiteni watoto wa nyumba ya pili saa kumi jioni, baada ya kuomba ruhusa kwa wazazi wao na kuwaambia mtasimulia hadithi ya Biblia. Chai ya maziwa na mandazi mawili kwa kila mtoto vinatosha, hii si sherehe ya kukopa. Watoto wenu wafiche kijiko, wageni watafute. Kikipatikana, sauti zote pamoja, "Furahini pamoja nami!", kisha mwombe kwa ufupi:

Bwana Yesu, asante kwa kuwasha taa. Asante kwa kutufagilia nyumba mpaka ukatuona. Tuonyeshe aliye ndani ambaye hatujamwona leo. Amina.