Vidoa Chini ya Mpaka

Kile chuma kilianzia Kamukunji. Mjomba wangu amefua mabati na kutengeneza majiko pale tangu mimi sijazaliwa. Nilipompelekea fimbo ya chuma cha pua ya utafiti wangu wa uzamili, kuhusu jinsi mionzi inavyoharibu chuma, nikamwomba anikatie visahani vyembamba vinne, alichukua grainda. Baada ya kisahani cha kwanza akaizima, akakiinua kwenye mwanga, akaniita nisogee.

"Unaiona hii rangi, mwanangu?"

Ukingoni palikuwa na utepe mwembamba, wa manjano kama asali, ukafifia hadi buluu.

"Hapo moto umeingia. Ukikipima hiki unapima grainda yangu, si chuma chako."

Akakitupa kwenye chakavu, akashika msumeno wa mkono, kijana wake akawa anamwagia maji taratibu. Visahani vinne vilitumaliza alasiri nzima.

Nilivisugua kwa msasa, kisha kwa unga wa almasi, mpaka nikaziona kope zangu ndani yake. Vitatu vikasafiri hadi maabara moja Uingereza. Cha nne nilikifunga kwa pamba ndani ya kopo la dawa, kikabaki Nairobi.

Huko vilipigwa ayoni za chuma, yaani atomu zenye chaji ya umeme, kwa nishati ya MeV 2 (elektronivolti milioni mbili). Ndani ya kinu cha nyuklia, chembe ziitwazo neutroni hugonga kuta za chuma miaka nenda miaka rudi. Kila atomu inayong'olewa mahali pake hung'oa nyingine, na chuma huwa kigumu, chepesi kuvunjika, pengine hata kikavimba. Ayoni hufanya kazi ya miaka hiyo kwa saa chache, na sampuli haitoki ikiwa na mionzi. Ila haziendi mbali. Kwa nishati ile huishia ndani ya mikromita moja, sehemu ya elfu ya milimita, kutoka usoni, na unywele mmoja una upana wa makumi ya mikromita. Kila nilichokuwa nakitafuta kilikuwa ndani ya ngozi hiyo.

Ili ionekane kwenye hadubini, ngozi hiyo lazima ichunwe iwe nyembamba mno. Kuichuna ni kazi ya mwale wa ayoni uliofinywa, unaokata kama kisu, na siku hiyo niliitazama kwenye laptopu nikiwa kampasi ya Chiromo. Mwale wenyewe ni wa galiamu, metali inayoyeyuka kwenye nyuzi 30 hivi, kiasi kwamba kiganja chako kinaitosha. Fundi alitandika kwanza ukanda wa platinamu juu ya uso ili usiliwe. Akachimba shimo mbele na shimo nyuma kwa mwale wa nguvu ya kilovolti 30, ukabaki ukuta katikati. Sindano ikaja polepole, ikaugusa, ikagandishwa kwa platinamu, ukuta ukanyanyuka. Nilijikuta nimeishika meza kwa mikono miwili. Ulipobandikwa kwenye wavu wa shaba na kupunguzwa, ulikuwa na unene wa nanomita 100, sehemu ya kumi ya mikromita.

Picha za hadubini ya elektroni zilifika usiku, mvua ikinyesha Ngara na umeme umepotea. Vidoa vyeusi kila mahali, kama mbegu za ufuta. Ndivyo mafundo ya atomu zilizovurugwa yanavyoonekana. Saa tano nikamwandikia msimamizi wangu: "Mwalimu, uharibifu umeonekana."

Nikaendelea kushuka kwenye picha kwa furaha tu. Mikromita mbili. Tatu. Nne. Vidoa vilikuwa vile vile, kwa wingi ule ule.

Ayoni za chuma hazikufika huko.

Nilikaa gizani nikaukumbuka ule utepe wa buluu. Galiamu nayo ni ayoni, na pale inapokata hung'oa atomu vilevile. Nilikuwa nimekaribia kutangaza majeraha ya kisu kuwa majeraha ya mionzi, na mtu angeyatumia kukadiria ukuta wa kinu utadumu muda gani. Nikaandika tena: "Mwalimu, ule ujumbe wa kwanza usiupeleke popote."

Akapiga simu papo hapo. "Unataka nini sasa?"

"Kisahani cha nne, Mwalimu. Hakijapigwa chochote. Kikatwe vilevile kwa kilovolti 30, tuone. Halafu vyote vimaliziwe kwa 5, kisha 2, galiamu isiingie ndani."

"Saa za ile mashine ni ghali, kijana."

"Najua, Mwalimu."

Alinyamaza. Nikasikia mvua upande wake pia. "Kitume kesho," akasema.

Kisahani ambacho hakijawahi kuguswa na mionzi kilirudi kimejaa vidoa. Kilipong'arishwa kwa kilovolti 2, karibu vyote vikaondoka. Kile kilichopigwa, baada ya kumaliziwa hivyo hivyo, kilikuwa na vidoa vizito kuanzia usoni, na kabla ya kufika mikromita moja vikakoma, kama alama ya maji kujaa ukutani.

Jumamosi nikaenda Kamukunji na ile picha kwenye simu. Mjomba alipangusa kidole kwenye aproni, akaikuza, akafuata ule mstari kutoka kushoto hadi kulia.

"Na hapa chini ni pasafi?"

"Ni pasafi, Mjomba."

Akaitazama kitambo kirefu, kisha akamwita kijana wake aje aone.