Ngazi Iliyokuwa Ikipumua: Kumbukumbu ya Kubadilisha Ngazi ya Trela ya Safari

Jumamosi ya kwanza

Kwa muda mrefu nilijidanganya kwamba ngazi ya mlangoni mwa trela yetu ya safari, nyumba ndogo ya magurudumu inayokokotwa na gari, ilihitaji matone machache tu ya oili katika maungio yake. Ni ngazi ya chuma yenye vidato viwili, ambayo hukunjwa na kusukumwa chini ya sakafu trela inapokokotwa, kisha huvutwa nje tunapoegesha. Aliyenizindua ni mama yangu, ambaye kila aliposhuka alishika miimo ya mlango kwa mikono yote miwili. "Mwanangu, ngazi hii inapumua," aliniambia, nami nilipoinama kumtazama mtu mwingine akipanda niliona kwamba hakutia chumvi: kidato cha chini kilizama, kikainuka, kikazama tena.

Leo nimepima badala ya kukisia. Niliisawazisha trela kwa pimamaji, nikatia kabari mbele na nyuma ya magurudumu, nikashusha miguu ya pembeni, ndipo nikashika utepe. Sakafu ya mlangoni iko sentimita 74 kutoka ardhini, vidato vimeachana kwa sentimita 20, na kidato cha chini kinaning'inia sentimita 34 juu ya ardhi. Nilipokipakia madumu manne ya maji ya lita 20, yaani kilo 80 na kitu kidogo, ukingo wake wa nje ulishuka milimita 38.

Zile sentimita 34 zilinisumbua kuliko nilivyotarajia. Iko kanuni ya zamani ya ngazi, inayohusishwa na msanifu majengo Mfaransa François Blondel wa karne ya 17, isemayo kwamba miinuko miwili ikijumlishwa na kina cha kidato kimoja inapaswa kukaribia urefu wa hatua ya mtu, ambao siku hizi huchukuliwa kuwa sentimita 60 hadi 65. Vidato vyangu vina kina cha sentimita 21, kwa hiyo 20 na 20 na 21 hufanya 61, na kwenye karatasi ngazi hii haina lawama. Lakini kanuni hiyo inachukulia kwamba miinuko yote ni sawa, na mguu wa binadamu nao unachukulia hivyo hivyo. Anayeshuka akiwa amezoea sentimita 20, kisha akakuta 34 katika hatua ya mwisho, ardhi humkimbia. Tatizo la mama, basi, lilikuwa na sehemu mbili, na oili isingetibu hata moja.

Jumapili

Nimeing'oa. Kabla ya kugusa chochote nililala chali chini ya mlango na tochi, nikafuata kwa kidole kila waya na bomba lililopita karibu, kwa kuwa bomba la gesi la jiko limepita umbali wa kiganja kutoka kwenye boliti za nyuma. Nilifunga mitungi ya gesi na kuiondoa kabisa, nikafungua pia karatasi ngumu ya plastiki inayofunika tumbo la trela mahali hapo.

Boliti ni nne, mbili kila upande. Mbili zilikubali baada ya kulowekwa mafuta ya kulegeza kutu usiku kucha. Ya tatu ilizunguka pamoja na nati yake bila kutoka, na ya nne ilikuwa imekwisha pembe zote kiasi kwamba spana haikupata pa kushika. Hizo mbili nilizikata kwa grinda, nikiwa nimevaa miwani ya kukinga macho, na ndoo ya maji ikiwa karibu, kwani sakafu iliyo juu ya cheche hizo ni ya mbao. Ngazi ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani. Niliitegemeza kwa jeki ya gari na ubao mpana kabla ya kukata boliti ya mwisho, na naamini jeki hiyo ndiyo iliyoniokoa kifua.

Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo lingenipotezea kazi yote kama ningenunua ngazi mpya na kuifunga moja kwa moja. Ribiti za maungio zilikuwa zimelika, hilo nililitarajia. Sikutarajia hali ya vishikizo viwili vya fremu ambavyo ngazi hufungwa kwavyo. Ni mabamba yenye unene wa milimita 3 tu, yaliyochomelewa chini ya chesisi, yaani fremu kuu ya trela, na kuning'inia kama masikio. Matundu ya boliti yalikuwa yametanuka na kuwa na umbo la yai, ulegevu ukiwa karibu milimita 4. Sikio la kushoto lilikuwa limepinda kwa ndani, na kwenye mshono wa juu wa sikio hilo kulikuwa na ufa wenye urefu wa ukucha, umejaa kutu ya zamani. Ufa ule haukuanza mwaka huu.

Jumatano usiku

Nimekaa na karatasi na kalamu ili nielewe kwa nini masikio yaliumia kuliko ngazi. Boliti mbili za kila upande zimeachana kwa sentimita 18, moja ikiwa karibu na ukingo wa trela na nyingine ndani zaidi. Mtu wa kilo 80 anaposimama juu ya kidato cha chini, sentimita 45 nje ya boliti ya mbele, ngazi nzima hugeuka kuwa mtaimbo. Boliti za nyuma husukumwa kwenda juu kwa 80 mara 45 gawanya kwa 18, yaani kilo 200. Boliti za mbele hubeba kilo hizo 200 pamoja na uzito wa mtu mwenyewe, jumla kilo 280. Na hapo mtu huyo amesimama kimya. Anaporuka kutoka mlangoni, kama watoto wafanyavyo, mzigo huongezeka sana kwa kitambo kifupi, na bamba la milimita 3 huyapokea mapigo hayo siku hadi siku.

Nikataka vidato vitatu. Sentimita 74 zikigawanywa katika miinuko minne huwa 18 na nusu kila mmoja, na hatua ya mwisho haitofautiani tena na zilizotangulia. Lakini ngazi ya vidato vitatu hutokeza nje zaidi. Kwa ile niliyoipata, kidato cha chini kiko sentimita 65 kutoka kwenye boliti ya mbele, na hesabu ileile sasa inazipa boliti za nyuma kilo 289 na za mbele 369. Kuifunga kwenye masikio yale kungekuwa kuhamisha ugonjwa na kuuongezea nguvu.

Nilifikiria kwa dhati aina nyingine, ile yenye miguu inayosimama ardhini, ambayo hukunjwa juu na kuingizwa ndani ya mlango. Ni ubunifu mzuri, kwa sababu sehemu kubwa ya mzigo huenda ardhini. Kwetu imeshindikana kwa sababu moja isiyo na mjadala: kabati la jiko liko karibu mno na mlango, na ngazi ikikunjwa ingeligonga. Isitoshe, kuchukua kitu kidogo njiani kungelazimu kuifungua yote kwanza, na tope la vidato lingesafiri ndani pamoja nasi.

Kulikuwa pia na kishawishi cha kutia gogo chini ya kidato cha chini cha ngazi inayoning'inia. Nimelikataa. Trela hushuka kidogo kadiri watu wanavyoingia na udongo unavyokubali, na gogo lisiloshuka pamoja nayo huisukuma ngazi kwenda juu na kuipinda upande ambao haikutengenezwa kuustahimili.

Jumamosi ya pili

Kazi ya kuchomelea nimemwachia fundi. Ninajua kushika mashine ya kuchomelea juu ya meza, lakini mshono wa kuchomelea huku umelala chali, chini ya sakafu ya mbao, si mahali pa kujifunzia. Wajibu wangu ulikuwa maandalizi: kutenganisha betri, kusafisha rangi na kutu kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, na kulowesha mbao za juu. Fundi alibana waya wa kurudishia umeme karibu kabisa na mshono ili mkondo usizurure kwenye fremu na kupita katika bearingi za magurudumu.

Alikichimba kile kipande chenye ufa hadi mwisho wake kabla ya kukijaza upya, akanyoosha sikio lililopinda, kisha akachomelea bamba la milimita 6 juu ya kila sikio. La muhimu zaidi, kwa maoni yangu, ni chuma cha pembe cha milimita 50 kwa 50, chenye unene wa 5, kinachounganisha masikio mawili kwa nyuma na kukamata chesisi. Masikio hayakuwa yakishuka tu. Yalikuwa yakisokotwa, na bamba nene peke yake lisingezuia msokoto huo.

Nilipaka rangi ya zinki jioni, na rangi nyeusi asubuhi iliyofuata.

Jumapili ya pili

Kufunga kulipaswa kuchukua saa moja. Kulichukua siku nzima. Ngazi mpya ilikuwa nyembamba kwa milimita 8 kuliko nafasi iliyo kati ya masikio, na boliti zilikuwa na nguvu za kutosha kuyavuta masikio yafuate. Ningefanya hivyo, mshono mpya wa fundi ungeanza maisha yake ukiwa umekazwa. Nilikata mabamba mawili ya milimita 4, nikayatia moja kila upande, na pengo likaisha bila kulazimisha kitu.

Matundu niliyatoboa upya kwa keekee: kwanza milimita 4, kisha 10 na nusu, kwa mwendo wa polepole na oili ya kukatia. Mwendo wa kasi huichoma ncha ya keekee kabla haijamaliza bamba la kwanza. Najua, kwa sababu tundu la kwanza lilinigharimu ncha. Kingo za matundu nililainisha kwa tupa na kuzipaka rangi ya zinki. Boliti ni za milimita 10, daraja la nguvu la 8.8, zenye washa pana pande zote na nati mpya zenye pete ya nailoni, nikazikaza kwa spana ya kupimia mkazo hadi nyutoni-mita 45.

Maungio nimeyapulizia silikoni kavu. Grisi hushika vumbi, na vumbi lililochanganyika na grisi ni msasa.

Madumu yamerudi kazini. Kwa yaleyale manne, kidato cha chini kilishuka milimita 7. Nilipoongeza la tano kilishuka 9, na nilipoyaondoa yote kilirudi mahali pake bila kubakiza hata milimita moja. Mama alipanda, akashuka, akapanda tena akiwa ameshika sufuria kwa mikono miwili, akaingia zake ndani bila kusema neno.

Baada ya safari ya kwanza

Tumekokota trela karibu kilomita 300, sehemu yake barabara ya vumbi. Boliti ya mbele kushoto ilikubali robo mzunguko zaidi. Nyingine tatu hazikusogea. Ngazi mpya ikikunjwa inaning'inia sentimita 6 chini zaidi kuliko ya zamani, na kwenye tuta moja ilikwaruza. Mkwaruzo umeondoa rangi tu, nami nimeupaka upya. Nimesogeza pia kitasa cha kuizuia isifunguke njiani, kwa sababu kilikuwa upande ambao mawe ya gurudumu hurukia. Mpira wa kizingiti bado haujabadilishwa. Una mpasuko kwenye kona ya kulia, na ubao ulio chini yake nilipoubonyeza kwa bisibisi ulikuwa na unyevu.