Pampu ya bwawa langu la samaki: usiulize HP (nguvu ya mota), uliza mwinuko

Bwawa langu liko nyuma ya nyumba, Goba, chini ya mwembe. Urefu mita 3, upana mita 2, kina sentimita 80, yaani lita 4,800. Sato wangu walinawiri miezi ya mwanzo, kisha maji yakageuka kijani, na kila alfajiri nikawa nawakuta wamejazana juu, midomo nje, wanahema. Usiku mwani nao unatumia hewa iliyomo majini, ndiyo maana kukikaribia kucha samaki wanateseka zaidi. Nikaamua nijenge kiporomoko cha mawe, maji yapande juu na kurudi bwawani yakiwa na hewa.

"Chukua nusu HP, mama, hutajuta," fundi bomba aliniambia. Neno hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu hakuuliza maji yanapanda mita ngapi wala pampu itafanya kazi saa ngapi.

Nusu HP ile ni pampu ya kupandishia maji kwenye simtanki. Inasukuma kwa muda, tenki likijaa inapumzika. Mimi nilitaka ifanye kazi usiku na mchana. Siku ya kwanza tu maji yaliruka mawe yote yakagonga ukuta wa jirani, matope ya chini yakatibuka, vifaranga vinne vya samaki vikanaswa kwenye chujio vikafa. Jioni pampu ilikuwa ya moto haishikiki, mara ikajizima. Na umeme je? Wati 370 kwa saa 24 ni karibu uniti 9 kwa siku. Kwa mwezi hiyo ni kama laki moja, kwa bwawa la nyumbani!

Nikaiuza kwa hasara, nikaenda Kariakoo kutafuta ndogo ya kuzamisha. Muuzaji akanionyesha boksi: lita 3,000 kwa saa, wati 45. Nikafurahi. Nyumbani nikaifunga na mpira wa nusu inchi niliokuwa nao, maji yakatoka kama ya kunawia mikono.

Hapo ndipo nilipochukua ndoo ya lita 20 na simu yenye saa ya kuhesabu sekunde. Nilikinga pale juu, maji yanapotokea. Ndoo ilijaa kwa sekunde 80, yaani lita 900 kwa saa. Nikabadilisha mpira, nikaweka wa inchi moja, pampu ileile: sekunde 40! Lita 1,800, mara mbili, kwa mpira tu. Mpira mwembamba unayakaba maji, na kadiri unavyokuwa mrefu ndivyo unavyozidi kuyakaba.

Lakini zile lita 3,000 ziko wapi? Nikalisoma boksi upya. Ile tarakimu kubwa ni ya maji yasiyopanda hata sentimita moja. Pembeni pameandikwa H-max mita 2.5, na huo ndio mwinuko ambao pampu inaishiwa nguvu kabisa, hakitoki kitu. Kiporomoko changu kina mita 1.5 kutoka usawa wa maji. Mwinuko upimwe hivyo, kutoka usawa wa maji mpaka mdomo wa mpira, si kutoka chini pampu ilipokaa.

Nilitaka bwawa lote lizunguke angalau mara moja kila saa mbili, yaani lita 2,400 kwa saa. Nikarudi Kariakoo na swali moja: "Kaka, kwenye mita moja na nusu hii inatoa lita ngapi?" Maduka mawili hawakujua. La tatu kijana akafungua boksi akatoa karatasi yenye mchoro wa mstari unaoshuka, tukausoma pamoja. Nikachukua ya lita 5,000, H-max 3.5, wati 85. Ndoo yangu sasa inajaa kwa sekunde 22, na umeme ni uniti 2 kwa siku.

Nimeiweka ndani ya kreti la soda lililozungushiwa neti, juu ya matofali mawili, isivute matope wala vifaranga. Plagi iko juu, mbali na maji, na siingizi mkono bwawani kabla ya kuichomoa.

Alfajiri ya tatu nilitoka na tochi. Juu ya maji hapakuwa na samaki hata mmoja. Ilibidi nirushe punje chache za chakula ndipo wakapanda.