Kitrekta cha majani: sasa ni zamu ya umeme

Kabureta tayari, mkanda mpya umefungwa, visu vimenolewa. Kilichobaki kwenye hiki kitrekta cha kukatia majani ni umeme, nao ndio ulionikalia kooni.

Dalili zenyewe: ukizungusha ufunguo, mara nyingine kimya kabisa. Mara nyingine unasikia "ta!" moja chini ya kiti, basi. Kikijisikia kinawaka vizuri tu, halafu kesho kinagoma.

Kimya na "ta" ni magonjwa mawili, kwa hiyo niliyatenganisha kwanza. "Ta" ni solenoidi, ile swichi ya sumaku-umeme, inavuta: moto (umeme) mdogo kutoka kwenye ufunguo umefika, ila moto mkubwa wa kuzungusha stata, mota inayoiwasha injini, haupiti au hautoshi. Kimya maana yake hata huo moto mdogo umekatikia njiani.

Kimya

Fyuzi ya ampea 15 ni nzima. Nyuma ya swichi ya ufunguo kuna herufi: B ni moto wa betri, S unakwenda kwenye solenoidi, M ni magneto inayotengeneza cheche za plagi, G ni bodi, yaani chuma cha mashine. Mpangilio wa pini haufanani kwa mashine zote, usinakili wa jirani. Na hiyo M iogope. Waya wake haupeleki moto popote, kazi yake ni kuigusisha magneto na bodi ili injini izime. Ukiupa volti 12 ukidhani unasaidia, unaweza kuiunguza koili ya plagi.

Nikashika ufunguo kwenye kuwasha, mita ikasoma volti 12.4 pale S. Kwenye waya mdogo wa solenoidi, sifuri. Katikati kuna swichi mbili za usalama, ya pedali ya breki na ya visu. Ya breki imejificha chini, inapokea umande na majani mabichi yote. Nilipochomoa soketi yake, pini za shaba zilikuwa kijani kitupu, moja imelika hadi kubaki kama uzi. Mashine hii imeishi Raskazone, ufukweni Tanga, miaka yote, na kule kusi ikivuma chumvi inaingia hadi kwenye kopo la sukari.

Nimeweka swichi mpya na pini mpya. Wapo watakaokwambia unganisha waya uachane na swichi. Kuunganisha kwa muda mfupi ili upime, sawa, gia ikiwa huru na visu vimezimwa. Kuacha hivyo moja kwa moja sikubaliani nako, hasa ya kiti. Hiyo ndiyo inayozima injini ukidondoka, na visu viko hapo hapo.

"Ta"

Hapa ndipo kazi ilipokuwa. Stata niliipeleka Ngamiani, hapa Tanga, kwa mzee mmoja anayesuka mota.

"Mwanangu, hii imekwisha, niachie."

Nikamwomba tuijaribu kwanza. Akaibana kwenye jiriwa, akaiunganisha moja kwa moja na betri ya gari. Ikazunguka hadi meza ikatetemeka.

"Haya, basi ugonjwa uko kwako," akasema akicheka, wala hakuchukua hela.

Nikarudisha stata mahali pake. Waya wa plagi nikauchomoa na kuufunga kwenye bodi ili injini isije ikawaka, mpwa wangu akakaa kwenye ufunguo. Betri ikiwa imetulia ilisoma 12.6, yaani imejaa. Ufunguo ukishikwa, "ta", na betri ikasoma 11.9. Hiyo namba ndiyo iliyonishtua. Stata ikifanya kazi kweli, betri ya mashine hizi hushuka kuelekea 10. Yangu haikushuka, kwa hiyo mzigo ulikuwa umezuiwa mahali.

Ncha nyeusi ya mita nikaiweka kwenye kichwa cha hasi cha betri, nyekundu kwenye chuma cha injini. "Zungusha!" Mita ikasoma 6.8. Hapo ilitakiwa isome sehemu ya volti tu, 0.2 au 0.3. Zaidi ya nusu ya betri ilikuwa inapotea upande wa hasi, na mafundi wengi upande huo hawaugusi, wao ni chanya tu. Ukipima bila mzigo hutaona kitu, kwa sababu hata uzi mmoja wa waya unatosha kuipa mita volti zake 12.

Nikasogeza ncha nyekundu kuirudia betri, kituo kwa kituo, hadi kwenye bolti ya waya wa hasi chini ya trei ya betri. Juu yake rangi, chini yake kutu la unga. Spana namba 13, brashi ya waya, msasa hadi chuma cheupe, kaza, halafu grisi juu yake. Nikaongeza na waya mnene kutoka kichwa cha hasi hadi kwenye injini moja kwa moja.

Kupima tena: 0.2. Stata inazunguka, betri inashuka hadi 10.3.

Bado

Injini ikinguruma kwa kasi, betri inasoma 12.5, wakati ningetegemea 13.8 hadi 14.4. Haichaji. Koili za chini ya flaiwili zinatoa umeme, nimezipima, kwa hiyo nashuku regyuleta, kifaa kinachorekebisha umeme huo uchaji betri. Nayo inapata hasi yake kupitia bolti zinazoishikilia, na bolti zenyewe zina kutu. Jumamosi naanza na msasa kabla sijaulizia bei ya mpya.