Vyumba vitano kwenye kona yetu, Goma

Kazi yangu ya ujenzi ilisimamishwa siku ya tatu, msingi wa mawe ukiwa umefika magotini. Shefu wa kartie, kiongozi wa mtaa wetu, alikuja mwenyewe, mkononi ana karatasi yenye sahihi kumi na moja za majirani, akamwambia fundi aweke mwiko chini. Hakunikaripia. Alisema tu, "Mama, ongea kwanza na watu wako."

Parsele hiyo, yaani kiwanja, niliachiwa na marehemu mama. Iko komini (wilaya ya mji) ya Karisimbi, pale avenyu yetu inapopinda kwenda barabara kubwa, na ni avenyu nyembamba ambayo magari mawili hayapishani. Nilitaka kusimamisha vyumba sita vya mbao juu ya msingi wa mawe ya volkano, kila kimoja na mlango wake, kodi dola 20 kwa mwezi. Ilikuwa 2022. Mwaka uliotangulia, tarehe 22 Mei, volkano ya Nyiragongo ilitapika. Lava ilisimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege, lakini nyumba zaidi ya elfu tatu ziliteketea, na wengi wa waliokuwa wakikaa humo walikuwa bado wanazunguka mjini wakitafuta pa kulaza watoto. Karibu kila wiki kulikuwa na mtu anabisha kwangu kuuliza chumba.

Na kupanga nakujua. Nimepanga miaka tisa. Mara ya mwisho nilidaiwa garanti, pesa ya dhamana anayoshika mwenye nyumba, ya miezi sita, ingawa sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 imeweka ukomo wa miezi mitatu kwa nyumba ya kukaa. Nililipa. Mtu ambaye godoro lake liko barabarani na mvua inakuja hana nafasi ya kusomea mwenye nyumba sheria. Ndiyo maana karatasi ile ya majirani iliniuma sana nilipoisoma.

Ilikuwa na mambo mawili. La kwanza, kwamba wapangaji wa kodi ndogo huleta wezi. Hilo nililikataa siku ileile na nalikataa mpaka leo. Waliokuwa wanabisha kwangu ni wauguzi, mama wa kushona, vijana wa chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo. La pili lilikuwa zito. Wiki mbili nyuma, mtoto wa jirani alikuwa amegongwa na pikipiki kwenye kona hiyo akienda shule, mguu ukavunjika. Familia sita zaidi, walisema, ni pikipiki zaidi za asubuhi, chukudu zaidi za makala na maji, kwenye njia ambayo watoto hawana pa kukanyaga. Mama wa yule mtoto aliniambia nikiwa nimekaa kwake: "Sisi hatukatai nyumba, mama. Tunakataa kuzika mutoto." Sikuwa na jibu. Niliondoka pale nimenyamaza.

Nilichofanya baadaye hakikuwa cha werevu mkubwa. Nilichukua kijitabu cha shule, nikakaa kwenye kona kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa moja na nusu asubuhi, siku tatu mfululizo. Kila pikipiki iliyopita niliipigia mstari. Siku ya kwanza 47, ya pili 52, ya tatu, yenye mvua, 31. Kisha nilimwomba kijana wangu asimame upande wa pili aangalie zinakotoka. Zile zilizokuwa zimebeba watu wa avenyu yetu hazikufika hata 10 kwa siku. Nyingine zote zilikuwa zinakata njia kukwepa msongamano wa barabara kubwa, na kwa kuwa zinakata njia, zinakwenda mbio.

Siku ya tatu niliona jambo jingine, na hili lilinibadilisha. Nikiwa nimejikinga mvua ng'ambo ya njia, niliona watoto wawili wakitokea ghafla mbele ya pikipiki, kama wametemwa na ukuta. Motari alikanyaga breki, akateleza, akasimama. Walichokuwa wamefichwa nacho ni uzio wangu mimi. Mbao za mama, zilizosimamishwa hadi ncha kabisa ya parsele, ndizo zilizokuwa zinaziba kona miaka yote hiyo.

Mkutano ulifanyika Jumapili kwa shefu, baada ya misa. Nilifika na kijitabu, nikasoma hesabu, halafu nikasema kabla sijaulizwa: uzio wangu nitaurudisha nyuma mita moja na nusu upande mzima wa njia, na ncha ya kona nitaikata. Hapo watapita watu wa miguu. Vyumba vitakuwa vitano. Nilisoma pia nilichokuwa nimepata kwenye simu, kwamba Shirika la Afya Duniani linashauri mwendo usiozidi kilomita 30 kwa saa mahali watu wa miguu na vyombo vya moto wanapochangia njia. Mzee mmoja, yule aliyeandika karatasi ya kunisimamisha, akauliza ni motari gani Goma ambaye kioo chake cha mwendo bado kinafanya kazi. Alikuwa na haki. "Kibao hakitasimamisha mutu," akasema, "jiwe ndilo litasimamisha." Tukakubaliana tujenge dodane, tuta la kupunguza mwendo.

Tuliijenga Jumamosi ya salongo, siku ya kazi ya pamoja ya mtaa. Mawe hayakutugharimu, tulitumia yale yaliyokuwa chini ya mbao za uzio wa zamani. Saruji, mifuko miwili, nililipa mimi. Na tukaikosea. Tuliifanya fupi na ya juu, kama kizingiti cha mlango. Kesho yake kijana wa chukudu, mwenye magunia sita ya makala, alishindwa kuipanda, akalazimika kuteremsha magunia matatu, na mteremkoni chukudu ikamponyoka. Breki ya chukudu, kwa asiyeijua, ni kipande cha tairi kuukuu unachokandamiza kwa mguu juu ya gurudumu la nyuma. Ukiwa na mzigo huo na mruko wa ghafla, haishiki. Alijikwangua goti mpaka nyama ikaonekana. Nilimwosha jeraha mwenyewe. Jioni hiyo tulivunja dodane na Jumamosi iliyofuata tukaijenga upya kwa kumwuliza yeye: ndefu hatua nne, kimo upana wa kiganja, inapanda polepole na kushuka polepole. Pikipiki ikiivamia kwa kasi inamtupa mtu juu ya kiti. Chukudu inapita.

Na wamotari wa parkingi ya pale chini nilizungumza nao pia. Walikubali kushusha abiria kwenye kona kubwa saa za watoto kwenda shule. Wengine wanaheshimu, wengine hapana.

Vyumba vilikwisha mwezi wa nane. Choo ndicho kilichochelewesha. Kuchimba shimo kwenye lava ni kazi ya nyundo na patasi, na vijana wawili walitumia siku kumi na tisa kufika kina kidogo tu. Kodi ilibaki dola 20, garanti miezi miwili. Dola 20 za chumba cha sita nazihesabu kila mwisho wa mwezi, sitaficha, kwa sababu karo ya kijana wangu ilikuwa itoke pale. Lakini tangu uzio urudi nyuma hadi naandika haya, hakuna mtoto aliyegongwa kwenye kona hiyo. Dodane tunaipaka chokaa kila Septemba shule zikifunguliwa, maana mvua inaiosha.

Kilichobaki ni kule avenyu inapoingia barabara kubwa. Pale hatuwezi kujijengea wenyewe, panahitaji kibali cha komini. Tumeandika barua na kuipeleka ofisini, nakala yetu imepigwa muhuri wa kupokelewa na naiweka pamoja na kile kijitabu cha hesabu. Sahihi ya kwanza ni ya yule mzee wa karatasi ya kwanza. Alipomaliza kuandika jina lake, alishika barua akaenda nayo mwenyewe kwenye milango mitano ya vyumba vyangu, mmoja baada ya mwingine, akiomba sahihi za wapangaji.