Bandama Iko Nyuma Kuliko Ulivyoambiwa

Inaniudhi kuona madaktari wapya bado wanaambiwa kwamba altrasaundi ya majeruhi, ile ya kutafuta damu iliyovuja ndani ya mwili, ni kutazama kati ya ini na figo ya kulia tu, pakiwa safi yamekwisha. Mkubwa wangu kazini alinipa ushauri huohuo. Nashukuru sikuufuata.

Sehemu za kutazama ni nne: kulia, kushoto, nyonga, na moyo kupitia chini ya kidari. Kulia ni rahisi, ila shuka mpaka ncha ya chini ya ini, maana damu kidogo huanzia pale. Kushoto ndiko kulikonitoa jasho. Niliweka probu, kile kifaa cha mkononi cha mashine, ubavuni kama nilivyozoea kulia, nikaona gesi na vivuli vya mbavu tu. Nikaongeza jeli, nikabadili kina cha picha, nikamwomba mgonjwa avute pumzi ndefu. Wapi! Ndipo nilipopeleka mkono nyuma kabisa hadi vifundo vya vidole vikagusa godoro, kisha nikapanda juu kidogo. Bandama ikajitokeza nzima, na figo chini yake! Tangu hapo huanzia godoroni. Na usiishie kati ya bandama na figo. Upande huu damu hupenda kukaa juu, chini ya kiwambo kinachotenga kifua na tumbo.

Ujuzi huo ulimfaa kijana mmoja aliyeanguka na pikipiki. Kipimo cha kwanza kilikuwa safi, presha nzuri, lakini mapigo ya moyo yalizidi kupanda. Niliambiwa kurudia ni kupoteza muda. Nikarudia baada ya kama nusu saa, na juu ya bandama palikuwa na mkanda mweusi, yaani damu. Presha ilipoanza kushuka, wapasuaji walikuwa tayari wanamsubiri. Alipona, na hadi leo najivunia.

Nyonga ipimwe kabla ya kuweka mpira wa mkojo, kwani kibofu kikijaa picha hutoka vizuri.

Kumbuka mashine huonyesha majimaji, na mara nyingi mpaka yafike mililita 200 hivi au zaidi. Utumbo uliotoboka au damu iliyojificha nyuma ya tumbo inaweza isionekane kabisa, kwa hiyo mwenye maumivu makali na hali tulivu apelekwe CT (eksirei ya tabaka kwa tabaka) hata kama picha yako ni safi. Presha ikiwa chini na weusi unauona, usimpeleke CT; waite wapasuaji.