Arthur Weasley Alinyimwa Jina Lake

Jumapili, usiku

Kama kuna mtu aliyedhulumiwa katika vitabu vyote saba vya Harry Potter, basi ni Arthur Weasley. Hayo si maneno yangu. Ni ya mwenzetu mmoja wa chama, mzaliwa wa Murang'a, na aliyasema jana kwa ukali uliotufanya sote tuweke vikombe chini.

Hesabu yake ni nyepesi. Kwao, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba. Harry alipata mvulana, akamwita James. Safi. Binti wa kwanza hupewa jina la nyanya mzaa baba. Harry akamwita Lily. Safi tena, kijana wa Kiingereza ambaye hajawahi kutia mguu Murang'a amefuata mila barabara. Lakini mvulana wa pili ni wa babu mzaa mama, na babu mzaa mama ni Arthur Weasley, baba wa Ginny mke wa Harry, yule mzee mpole aliyemkaribisha Harry kwake likizo baada ya likizo, akaumwa na nyoka wa Voldemort, yule mchawi mwovu, nusura afe, na hakuwahi kumdai mtu chochote. Mtoto akaitwa Albus Severus: Albus wa Dumbledore, mkuu wa shule, na Severus wa Snape, mwalimu wa Harry.

"Walimu wawili!" akasema. "Baba mkwe yuko hai, anapumua, jina wanapewa walimu!"

Rafiki yetu wa Siaya alimsikiliza akitabasamu, kisha akasema tunatumia mila isiyohusika. Kwao marehemu ndiye anayekuja kudai jina. Humtokea mtu wa ukoo ndotoni, au mtoto mchanga hulia usiku kucha huku wazee wakitaja majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine, mpaka anyamaze. "Labda Snape alimtokea Ginny," akasema, na nyumba nzima ikaangua kicheko. Halafu akaongeza, yeye mwenyewe hacheki, kwamba nyanya yake alikuwa akisema si kila mgeni wa ndotoni hupokewa. Mtu aliyekuwa na roho mbaya akija kudai jina, mnamfukuza.

Basi jioni ikaharibika vizuri.

Nieleze kidogo, kwa faida yangu mwenyewe nitakaposoma haya baadaye. Chama chetu ni cha kawaida, cha mzunguko, tunachanga na mmoja anapokea. Tunakutana South B, Nairobi, na baada ya hesabu za pesa tunazungumzia kitabu, kwa sababu mtu mmoja mwenye busara aliona kwamba tusipofanya hivyo tutazungumzia watu. Mwaka huu tulikubaliana kurudia tulivyovisoma tukiwa shuleni, na Harry alishinda kura bila kampeni. Kitabu cha kwanza kilitoka London tarehe 26 Juni 1997, Bloomsbury wakachapa nakala 500 tu zenye jalada gumu, ishara kwamba hawakutarajia makubwa. Wengi wetu hatukuwa na habari. Tulikuja kumjua Harry baada ya filamu ya kwanza, ile ya 2001, na tukamsoma bwenini katika nakala zilizokwisha kupoteza majalada, zinazozunguka kwa foleni, kila mtu na usiku wake. Waliobahatika walinunuliwa mitumba ya kando ya barabara mjini, ambako bado unaweza kuokota kitabu cha pili cha Uingereza na cha tatu cha Marekani kutoka rundo moja, ukavipanga kwenye rafu vikiwa havifanani hata kwa urefu.

Ndiyo maana maoni yetu hayahusu sana uchawi. Mama yangu, ambaye hakuvitaka vitabu hivi nyumbani kwa sababu za kanisa, ndiye mtu pekee ninayemjua aliyevichukulia uchawi wake kwa uzito. Sisi tuliona shule ya bweni. Sanduku, nyumba zinazoshindania pointi, viranja wanaojiona, mwalimu anayekuchukia bila sababu. (Na chakula. Hakuna mtoto aliyelelewa kwa githeri ya shule aliyeweza kuisoma karamu ya kwanza ya Hogwarts kwa amani.)

Kwa hiyo lilipokuja suala la Snape, kila mtu alikuja na mwalimu wake moyoni.

Wakili wake ni mwenzetu anayefundisha kemia. Hoja zake nazijua kwa kichwa. Snape alimpenda Lily, mama yake Harry, tangu utotoni. Alipogundua kwamba unabii alioupeleka kwa Voldemort ndio utakaomwua, alimwendea Dumbledore kumlilia. Tangu siku hiyo akaishi kama jasusi, hana rafiki upande wowote, akimlinda mtoto wa mwanamume aliyemchukia kuliko watu wote. Hata kumwua Dumbledore, alimwua kwa sababu Dumbledore mwenyewe alimwomba. Akafa bila mtu kumwambia asante. "Nani mwingine humo ndani amelipa deni kiasi hicho?" akauliza. Kisha ualimu ukamshinda, akatoa la moyoni: "Na nyinyi hamjawahi kusimama mbele ya watoto arobaini na asidi mkononi. Upole huisha Jumanne."

Nilicheka, maana ni kweli. Lakini sikukubali, na nimekaa leo mchana kutwa nikijaribu kupanga vizuri kwa nini.

Ushujaa wa Snape siubishi. Ninachobisha ni kwamba ushujaa huo unalipa deni la Neville, mwanafunzi mwenzake Harry. Katika kitabu cha tatu Snape anamtisha Neville kwamba dawa aliyoichemsha atanyweshwa chura wake, ionekane kama ameikosea, na Hermione anapomsaidia, nyumba yao inakatwa pointi. Baadaye kidogo, Profesa Lupin anawafundisha kupambana na Boggart, kile kiumbe kinachojigeuza kuwa kitu unachokiogopa kuliko vyote. Neville anaulizwa anaogopa nini. Huyu ni mtoto ambaye wazazi wake waliteswa na Bellatrix Lestrange na wenzake mpaka wakarukwa na akili; wako hospitali, akienda kuwaona hawamtambui. Anaulizwa mbele ya darasa lake kitu anachokiogopa kuliko vyote duniani, na jibu lake ni jina la mwalimu.

Tukiwa shuleni tulicheka sana pale, kwa sababu Snape anavalishwa nguo za nyanya wa Neville, kofia yenye ndege tai juu yake na mkoba mwekundu. Mwandishi ametaka tucheke, na ni mahali pa kuchekesha kweli. Ila ukiisoma ukiwa mtu mzima, na hasa ukiwa umekaa darasani ukihesabu viti vilivyobaki kabla ya zamu yako kusimama, unaona kilichomo chini ya kicheko hicho.

Na ile sura ya kumbukumbu katika kitabu cha saba, inayomliza mwalimu wetu wa kemia kila mara? Mimi huisoma kama wasifu wa marehemu unaosomwa siku ya maziko: kila neno ni kweli, na nusu ya kijiji inajua kilichorukwa. Tena wasifu huu marehemu amejitolea mwenyewe, akiwa anakata roho, akampa Harry kumbukumbu azihifadhi. Lily yumo. Dumbledore yumo. Neville hayumo.

Hoja niliyokwama nayo jana, nikaitoa mezani, ni hii. Kwenye zile kurasa za mwisho kabisa, miaka 19 baada ya vita, tunaambiwa kwamba Neville sasa ni profesa palepale Hogwarts, mwalimu wa mimea. Albus Severus ndiye huyo anapanda treni kwenda kuanza. Maana yake wiki hiyohiyo Neville atafungua daftari la mahudhurio, na miongoni mwa majina ya watoto wapya atakuta jina la mtu aliyekuwa jinamizi la utoto wake, na limepewa mtoto na rafiki yake mwenyewe. Je, Harry alimpigia hata simu? Najua hawana simu. Alimtumia bundi?

Mwalimu wa kemia hakuchukua hata nusu dakika. "Daftari linaandikwa jina la kwanza na la ukoo," akasema. "Albus Potter. Neville hatajua."

Jibu la mwalimu kweli hilo. Lakini akaongeza kitu ambacho bado nakitafuna, kwamba huenda Neville ndiye pekee asiyejali, kwa sababu aliyekata kichwa cha yule nyoka hana tena haja ya kuogopa jina. Inawezekana. Bado ningependa angeulizwa.

Mwenzetu wa Murang'a akasema yote haya yangeepukika kama mtoto angeitwa Arthur.

Upande wa Umbridge, yule mwalimu wa kitabu cha tano, hatukuwa na mjadala hata kidogo, na hilo lenyewe ni ajabu kwa watu ambao hawakubaliani hata kuhusu saa ya kuanza mkutano. Hakuna anayemtetea. Wote tunamchukia kuliko Voldemort, na nadhani wasomaji wengi popote walipo wako hivyo. Voldemort hujawahi kukutana naye. Umbridge umekutana naye: sauti tamu, sweta ya waridi, tangazo jipya ukutani kila asubuhi, na adhabu inayotolewa kwa tabasamu. Anamkalisha Harry aandike kwamba hapaswi kusema uongo, kwa kalamu inayochora maneno hayohayo kwenye ngozi ya mkono wake, na wino ni damu yake. Halafu kuna Filch, mtunza shule, ambaye ndoto yake ya maisha ni kibali cha kuchapa wanafunzi, na Umbridge anamtengenezea.

Hapa Kenya kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, mwaka uleule wa filamu ya kwanza. Kilichokuwa kwenye karatasi na kilichokuwa bwenini ni mambo mawili, kila mtu wa rika langu anajua. Na bado, kila mabweni yanapoungua au matokeo yanapoporomoka, hatukosi kumsikia mkubwa fulani akitaka kirudishwe. Nikimsikia namwona Filch na fomu yake.

Mpwa wangu yuko kwangu likizo hii na amefika kitabu hichohicho cha tano, kwa mara ya kwanza, bila kutazama filamu. Juzi alikuja jikoni na kidole katikati ya kurasa.

"Shangazi, mbona Harry haendi kusema?"

"Kusema kwa nani?"

"Kwa McGonagall. Au kwa mtu yeyote. Mkono unatoka damu na amekaa kimya. Rafiki zake wanamwambia aseme, hataki."

Nikaanza kumweleza, kwamba Harry hataki kumpa Umbridge raha ya kujua ameumia, kwamba ni heshima, kwamba ukisema inakuwa mbaya zaidi. Nikijisikia ninavyosema. Yeye akanitazama tu. Sisi tuliposoma ukurasa huo hakuna aliyeuliza. Tulijua kwa nini hasemi, kama tulivyojua kwa nini sisi hatusemi, na tukamwona shujaa. Huyu wa Gredi ya Saba anamwona mtoto asiyesaidiwa. Sijui shule yake ni tofauti na yangu kiasi gani, lakini swali hilo mimi sikuwa nalo nikiwa na umri wake, na nafurahi kwamba yeye analo.

Alilofurahia yeye ni jingine kabisa. Alipofika kwenye mitihani ya Hogwarts akakuta kwamba mojawapo ya alama za kufaulu ni "kuzidi matarajio", akapiga kelele sebuleni kote: "Hata wao wako CBC!" yaani mtaala wetu wa umilisi. Nikaangalia, na kweli, maneno ni yale yaliyo kwenye ripoti yake ya shule. Tofauti ni kwamba Hogwarts mkia kabisa unapewa alama ya jitu la pangoni, jambo ambalo wizara yetu haijalifikiria.

Aliniuliza pia kama kuna shule ya huku. Nikamwambia iko, Uagadou. Mwandishi aliitangaza mwaka 2016, akaiweka kwenye Milima ya Mwezi, Uganda, jengo lililochongwa mlimani ndani ya ukungu. Wanafunzi wake hufanya uchawi kwa mikono mitupu, hawahitaji fimbo, na barua ya kuitwa haipo. Mjumbe hukujia ndotoni, ukiamka una jiwe lililochongwa mkononi. Rafiki yetu wa Siaya huiona hiyo kuwa ushahidi kwamba mwandishi ameongea na nyanya yake. Mimi huudhika kwamba Ulaya imepata Hogwarts, Beauxbatons na Durmstrang, na bara zima letu likatajiwa moja, hata kama ndiyo kubwa kuliko zote. Mpwa wangu hakuudhika. Aliuliza kama basi la Kampala linafika.

Mkutano ujao tunarudi kitabu cha nne, ambacho tulikiruka kwa haraka ya kufika kwenye vita. Humo Hermione anaanzisha kampeni ya kuwatetea wale viumbe wa masikio makubwa wanaopika, kufua na kulea majumbani mwa wachawi bila mshahara wala siku ya mapumziko, na kila mtu anamcheka, hata rafiki yake Ron. Zamu ya kukaribisha ni ya mwenzetu mmoja ambaye dada wake wa kazi hula peke yake jikoni, tumeona sote. Ameshatuma ujumbe kwamba afadhali tujadili joka.